Bei ya Kuzunguka Milima

Mtu akiwa rubani, watu hudhani ana pesa. Dakika alikuwa rubani kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na kazini alikuwa akienda kwa baiskeli, suruali ameibana kifundoni kwa kibanio cha kuanikia nguo ili isiliwe na mnyororo.

Ndege haikuwa yake. Ilikuwa ya Daktari, mzee aliyestaafu hospitali na ambaye macho yake yalikuwa yameanza kumtupa, hata wakubwa wa anga wakamnyima ruhusa ya kurusha. Ilikuwa ndege ndogo ya injini moja, nyeupe yenye mstari wa buluu, na mlango wake haukubali kufunga mpaka uubamize mara mbili kama mlango wa jirani mliyekosana. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa, na hapo Dakika alipakia mizigo ya watu: dawa, vipuri vya pampu, na zaidi ya yote vifaranga wa siku moja. Vifaranga hao walikuwa wa mama mmoja mwenye mashine za kutotolesha, naye wateja wake walikuwa mji wa ng'ambo ya milima. Kwa barabara ni siku mbili, na kifaranga hana siku mbili za kuchezea.

Ndege alikodi kwa saa. Chini ya usukani palikuwa na mita ndogo, na mita ile ilihesabu tangu injini inapowaka hadi inapozimwa. Ikisoma, Dakika analipa. Ndiyo maana kila kitu alikifanya injini ikiwa bado imelala. Mkanda alifunga, ramani alikunja, dua aliomba, hata chafya alipiga kabisa, ndipo awashe. Wenzake pale uwanjani wakamwita Dakika, na jina likamganda.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, kati ya vile vyumba viwili walivyopanga, na kwa kuwa hakuna nguo aliyoikata bila kuipima mara tatu, wateja walimwita Sentimita. Mtaani wakawa na utani wao: Dakika kaoa Sentimita, nyumba ile hata pumzi inapimwa.

Walikuwa wakicheka nao. Walikuwa na watoto wawili wa shule, na kwa miaka kumi na moja walikuwa wakidunduliza pesa za kununua kiwanja wajenge, watoke kwa mwenye nyumba anayekohoa ukutani kila wakipandisha sauti.

Basi asubuhi moja Daktari akaja hangarini na fimbo yake, akashika ubawa wa ndege kama mtu anayempapasa ng'ombe.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Dakika, nauza."

"Unauza nini?"

"Nimeshika nini hapa? Fimbo?" Mzee akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka. "Wale wenzako wawili waliokuwa wakikodi wamehama. Umebaki wewe. Watoto wangu kila wakipiga simu ni hiyohiyo: baba, uza hilo dude linakula pensheni yako. Kuna mtu kaja na pesa taslimu. Anaitaka injini tu, aipachike kwenye yake. Mwili atautupa."

"Na mimi?" Dakika akauliza.

"Ndiyo nimekuja kwako kwanza. Nipe theluthi moja sasa, iliyobaki ulipe polepole. Nakungoja mpaka mwisho wa mwezi."

Theluthi ile, akili ya Dakika iliipigia hesabu palepale. Ilikuwa pesa ya kiwanja, yote, bila kubaki hata ya kununulia msumari. Na akikataa, uwanja ule haukuwa na ndege nyingine ya kukodi. Uliokuwa nayo ulikuwa mwendo wa saa tisa kwa basi. Mashirika makubwa yanataka vijana wenye vyeti vya ndege kubwa, na yeye alikuwa na miaka arobaini na saba. Ndege ikienda, ugali wake umekwenda nayo.

Mchana akarudi nyumbani mapema. Mkewe alikuwa anapinda suruali ya sare ya shule, pini tatu mdomoni. Dakika akamweleza yote akiwa bado amesimama mlangoni na kibanio chake mguuni.

Mke akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. "Kaa kwanza."

"Sikai. Mke wangu, hii ni bahati. Wahenga walisemaje? Nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Na ya kukopa je? Inayasitiri?"

"Lakini itakuwa yangu! Kazi itaongezeka. Mtu mwenye ndege yake haambiwi lolote."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Niletee daftari lako la safari. Na umpigie Fundi wa ndege, akutajie kila kitu ambacho ndege inakula hata ikiwa imelala tu hangarini."

Mkewe alikuwa na namna yake ya kuhesabu. Pesa kubwa hazikumwingia akilini kwa sifuri zake, kwa hiyo alizipima kwa kodi ya nyumba. Kodi moja maana yake ni mwezi mmoja wa vile vyumba viwili. Friji kwake ilikuwa kodi tano. Harusi ya mdogo wake, kodi kumi na nne na aibu.

Akachukua chaki ya kuchorea vitambaa na kipande cha karatasi ya kaki. "Saa moja ya kukodi ni shilingi ngapi?" Dakika akamtajia. "Basi ni kodi mbili. Mwaka jana umeruka saa ngapi?"

Dakika akalileta daftari. Kila dakika aliijua, lakini zote pamoja hakuwahi kuzijumlisha. Wakajumlisha, ukurasa kwa ukurasa, mke akisoma na mume akiandika. Zikaja saa themanini na sita.

"Sabini na mbili juu ya mia," mke akasema. "Kodi mia na sabini na mbili kwa mwaka ndizo unazompa Daktari, na mafuta yamo humo humo. Sasa ikiwa yako."

Fundi alikuwa kwenye simu, sauti imewekwa wazi, na nyuma yake nyundo inagonga. Akataja maegesho, bima, na ukaguzi wa mwaka. "Hivyo hulipi kwa kuruka, shemeji, unalipa kwa kuwa nayo. Ukijumlisha vinafika," akataja pesa, mke akagawanya, zikawa kodi sabini na tano. "Halafu kila saa ya kuruka kuna mafuta, na kuna akiba ya injini. Injini ina umri wake, siku ikifika inafunguliwa yote. Asiyeweka akiba siku hiyo atalia na meno yake." Hiyo ikawa kodi moja kwa kila saa.

Mke akachora mstari. Sabini na tano, na themanini na sita. Mia na sitini na moja.

"Kwa hiyo ukinunua utaokoa kodi kumi na moja kwa mwaka. Bei ya ndege ni kodi mia nne." Akatulia, midomo ikienda bila sauti. "Miaka thelathini na sita. Utakuwa na themanini na tatu siku ndege itakapokuwa imejilipa. Nitakushonea suti."

Fundi akacheka simuni hadi akakohoa. Dakika hakucheka. "Nyinyi chekeni," akasema, "mimi ndiye nitakayekaa nyumbani nikikutungia uzi kwenye sindano." Akatoka nje kuishika baiskeli ambayo haikuwa imeharibika, akaanza kuitengeneza.

Mkewe alimtazama kupitia dirishani, kimo chake amekikunja juu ya gurudumu, na chaki ikamkalia mkononi bila kazi. Kusema kweli hakuwa na raha ya kushinda hesabu ile.

Siku mbili baadaye ilikuwa safari ya vifaranga, maboksi kumi na mawili yenye matundu. Sasa kwenda ng'ambo kuna njia mbili. Ya mkato hupita katikati ya milima miwili, marubani wakapaita Mlangoni, nayo ni dakika arobaini na mbili. Ya kuzunguka ni saa nzima. Mama Vifaranga alilipa kodi tatu na nusu kwa safari, yawepo mawingu yasiwepo. Kwa mkato, kwenda na kurudi, mita ilimla Dakika karibu kodi tatu, akabaki na cha kupeleka nyumbani. Kwa kuzunguka ilimla nne. Maana yake amefanya kazi na kutoa pesa mfukoni kwake.

Alipofika karibu na milima akakuta wingu limekaa Mlangoni kama mama mnene kizingitini. Chini yake palikuwa na ufa wa mwanga, na upande wa pili alidhani anaona mashamba. Akaitazama mita. Akaiwaza theluthi, mwisho wa mwezi, saa tisa za basi. Siku nyingine angegeuka. Siku ile akainamisha pua ya ndege, akaingia.

Ule ufa ukajifunga. Pembeni kukawa kweupe, mbele kweupe, chini ndiko kulikokuwa na kijani, na kijani kile kilikuwa karibu mno. Akavuta usukani, akainua bawa la kushoto kwa nguvu, na vifaranga, waliokuwa wakipiga kelele tangu uwanjani, wakanyamaza wote kwa mpigo. Akasikia kitu kinakwaruza chini, mara moja, kama kucha kwenye bati. Halafu mwanga ukarudi, na mashamba yakawa pale mbele, na vifaranga wakaanza tena mmoja mmoja.

Akatua. Akashusha maboksi. Mpokeaji akamwambia, "Leo umewahi!" na Dakika akatia saini. Wakati wa kurudi wingu lilikuwa limepanda, njia wazi kabisa, kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu.

Alikuwa anajinawisha bombani pale hangarini Fundi alipomwita. Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu, ndoo kando yake. Akanyoosha mkono. Kiganjani palikuwa na kijiti chenye majani mawili mabichi.

"Kilikuwa kimekwama hapa, kwenye bomba la breki. Kapteni, mti huu ni wa uwanja gani?"

Uwanja ule haukuwa na mti. Wala ule wa ng'ambo.

Dakika akajifuta uso na kukawia kwenye taulo. "Ingekuwa yangu ningezunguka," akasema.

"Eti?"

"Ni ile mita, Fundi. Ingekuwa yangu, isingekuwepo mita."

Fundi akaketi juu ya ndoo. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini mara hii alianza taratibu. "Mwezi uliopita nilikwambia bomba la moshi lina ufa. Ukasemaje?"

"Nilisema ndege ilale."

"Ulisema haraka hivyo. Nilikupenda siku ile. Lakini bomba lililipwa na nani?"

"Na Daktari."

"Ingekuwa yako, na vifaranga wako kwenye maboksi, na deni la Daktari linakungoja?"

Dakika alifungua kinywa aseme jambo la kiume, akaona kijiti, akafumba kinywa. Kisha akasema lililo kweli. "Ningekwambia ulifunge waya kwanza. Mpaka wiki ijayo."

"Haya. Mwenye kukodi huniulia ndege kwa haraka, mwenye nayo huniulia kwa ubahili, na anayeitwa kuokota ni mimi." Akasimama, magoti yakalia. "Daktari utamwambia mwenyewe. Sitakusemea, na sitakufichia."

Nyumbani alimwambia mkewe kabla hajavua viatu. Alitarajia kilio au matusi, na vyote alivistahili. Mkewe alizima cherehani. Akamsogelea, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamgeuza kulia na kushoto kama anayetafuta palipochanika. Ndipo akampiga kofi la bega, kofi la haja.

"Nyumba nzima ya kuku wa watu, na wewe ndani yake! Nikazike nini? Manyoya?"

"Nisamehe."

"Sikusamehe leo." Akakaa kitini kwake, akajifuta macho kwa kipande cha sare. Mwenye nyumba akakohoa ukutani. Halafu mke akamwonyesha ukucha wa kidole cha shahada, ule uliokuwa na mstari mweusi katikati. "Huu unaujua umetokana na nini?"

"Sindano ilikuchoma."

"Sindano ya mashine ya kudarizi. Hukumbuki? Kabla sijapata wateja nilikuwa nakodi mashine ya mama wa kona, kwa saa. Saa yake ipo mezani inanitazama. Nikawa nashona kama nafukuzwa, siku moja nikajishona mwenyewe. Nikiwa nimefungwa kidole nikamwambia: dada, kwa saa siwezi tena. Nitakulipa kwa mwezi, nishone nisishone. Uzi na sindano ni juu yangu, mashine ikiharibika ni juu yako. Naye akafurahi, maana kwa saa alikuwa hajui mwezi huu atakula au atalala njaa." Dakika akamwona macho yanapanuka. "Ile karatasi ya kaki iko wapi?"

Ilikuwa chini ya suruali za shule. Wakaipiga pasi kwa viganja.

"Tulihesabu upande wetu tu," mke akasema. "Upande wa Daktari je? Wewe unampa mia na sabini na mbili. Ndege inakula mia na sitini na moja. Mzee wa watu anabaki na kumi na moja kwa mwaka mzima! Gurudumu moja likipasuka, amekwisha. Ndiyo maana anauza, hajachoka na ndege, amechoka kutojua."

Wakapanga. Dakika amlipe Daktari kodi saba kila mwezi, ndege iruke isiruke. Kwa mwaka ni themanini na nne, inafunika yale maegesho na bima na ukaguzi, na kitu kinabaki cha mzee. Mafuta na akiba ya injini atoe Dakika. Jumla ikaja kodi mia na sabini, karibu ileile ya zamani. Ila sasa saa moja ya angani ingemtoka kwa kodi moja badala ya mbili, na kuzunguka milima kusingekuwa kufanya kazi bure.

"Na mwezi usio na mizigo?" Dakika akauliza. "Hizo saba natoa wapi?"

Mke akaitazama chaki. "Kwenye kiwanja. Tutaweka kodi ishirini na moja pembeni, miezi mitatu. Kwa mwaka mmoja tu, baba watoto. Ukishindwa, tunarudi kwenye kiwanja chetu na wewe unatunga uzi."

Kesho yake wakaenda kwa Daktari wote wawili, mke amevaa nguo ya kutokea na karatasi ya kaki mkobani. Mzee aliwakaribisha sebuleni, redio akaipunguza. Mke akafungua mkoba, lakini Dakika akamwekea mkono.

"Daktari, kabla ya hesabu. Jana nilipita Mlangoni chini ya wingu. Niligusa miti. Ndege ni nzima, Fundi ameikagua, lakini niligusa."

Mkewe akamkazia jicho, maana hilo hawakukubaliana. Daktari akageuza uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Vifaranga walifika?"

"Walifika, mzee."

"Mimi niliwahi kupita palepale hivyohivyo," Daktari akasema. "Na ndege yangu, na hakuna mita iliyokuwa ikinidai. Nilikuwa na njaa tu, nawahi chakula cha mchana. Nilipotua nikashindwa kukila." Akapapasa fimbo. "Sikumwambia mtu. Haya binti, nisomee hiyo hesabu, polepole, macho yangu siku hizi ni masikio."

Mke akasoma. Alipofika kwenye kumi na moja, mzee akaguna kama aliyeguswa kidonda. Akauliza maswali mengi, mengine mara mbili. Yule mnunuzi alikuwa na pesa taslimu, akawakumbusha, na watoto wake hawataacha kupiga simu. Mwisho akasema, "Mwaka mmoja. Kwa masharti mawili. Fundi akisema ndege isiruke, hairuki, na wewe humbembelezi, wala hunipigii mimi unilalamikie."

"Nimekubali."

"La pili, kila mwezi unipandishe mara moja. Kiti cha kulia. Mafuta ya siku hiyo nalipa mimi. Sioni kitu, lakini nasikia."

Wakatoka pale bila kushikana mikono, kama watu waliobeba bakuli lililojaa. Njiani mke akasema, "Ungeniambia kwamba utasema." Dakika akajibu, "Ungenikataza." Mke akafikiri hatua kadhaa. "Ningekukataza," akakubali.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Mizigo ilikuwa michache, na zile saba zikatoka zote, mbili kati yake kwenye ile akiba ya pembeni. Wiki ya tatu ya mwezi wa pili, Mama Vifaranga akafika uwanjani na maboksi kumi na manne, akakuta Dakika ameketi kwenye benchi na kikombe cha chai, ndege imefungwa kamba.

"We! Unakunywa chai?"

"Karibu. Milima imejifunika, mama."

"Si ulinijia na maneno yako kwamba siku hizi unazunguka?"

"Leo hata huko kwa kuzunguka hakuonekani. Tungoje."

"Tungoje! Mwanamume mzima anaogopa ukungu!"

"Naogopa," Dakika akasema.

Yule mama alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, si kwa jibu lile. Akaenda kuulizia lori getini. Akarudi na vumbi, lori ni siku mbili kama ilivyokuwa siku zote. Akaketi kwenye benchi, akapewa chai, akaisema kwamba haina sukari, akaongezewa. Dakika akahamishia maboksi kivulini, akayafungua moja baada ya jingine, akachovya kidole kwenye maji akawagusa vifaranga midomo kama alivyomwona mama mwenyewe akifanya. Kila nusu saa alisimama mlangoni mwa hangari kutazama. Fundi alikuwa akisugua chombo ambacho tayari kilikuwa kisafi.

Saa tisa kasoro vichwa vya milima vikatokea, upande wa kuzunguka. Mlangoni bado pamejaa.

Wakapakia wote watatu, Mama Vifaranga akilalamika kwamba soko litakuwa limefungwa, na kwamba mteja wake ana mdomo, na kwamba yeye hajawahi kuona. Dakika akabamiza mlango mara mbili. Aliwasha injini, akaiacha ipate joto lake, mama akiwa amesimama pembeni na khanga imeshikwa dhidi ya upepo wa propela, bado akisema jambo ambalo halikusikika. Kisha akaondoka, akapanda, na juu ya barabara ya lami akageukia kushoto, upande wa kuzunguka.

Chini, Mama Vifaranga alimgeukia Fundi. "Huyu atafika?"

"Atachelewa," Fundi akasema, "lakini atafika."